Gini pigi wa binti yangu amechomwa jicho na nyasi, naombeni msaada leo hii

SukumaNaDania – Jumamosi, saa 1:40 usiku

Wadau hamjambo. Niko Donholm. Binti yangu wa miaka 9 ana gini pigi wawili, Biringanya na Ngano. Jioni hii tumerudi kutoka sokoni tukamkuta Biringanya amejikunyata pembeni, jicho la kushoto amelifumba, machozi yanamtoka hadi manyoya ya shavuni yameshikana. Nimemmulika na tochi ya simu. Jicho lilipofunguka kidogo nikaona doa jeupe kama kichwa cha pini, na kando yake kumekuwa na ukungu, kama dirisha la matatu siku ya mvua.

Jana tulibadilisha nyasi. Zile za kawaida ziliisha nikachukua boma rhodes kwa agroveti, zina mabua magumu kama njiti. Nashuku ndizo zilizomchoma.

Nina matone ya macho yaliyobaki nilipougua macho mekundu mwezi uliopita, yako kwenye friji. Nimtilie? Mangapi? Kliniki ya karibu nimepiga simu nikaambiwa wao ni mbwa na paka tu. Mtoto analia tangu saa kumi na mbili na mimi sijui nishike lipi.

FundiVizimba – saa 1:49 usiku

Dada, pole. Hayo matone usitie. Toa chupa kwenye friji uisome kwanza. Ukiona jina lolote linaloishia na "-sone" au "-solone", kama dexamethasone, betamethasone au prednisolone, hiyo ina steroidi.

SukumaNaDania – saa 1:53 usiku

Imeandikwa betamethasone na neomycin.

FundiVizimba – saa 1:54 usiku

Irudishe friji. Afadhali hata uitupe.

VetiMstaafu – saa 2:10 usiku

Mwanangu, msikilize huyo fundi. Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi, na macho niliyoona yakipotea kwa matone yaliyobaki nyumbani ni mengi kuliko yaliyopotea kwa bua lenyewe.

Nikueleze sababu ili usishawishike saa tisa usiku. Sehemu ya mbele ya jicho, ile angavu, inaitwa konea. Ina ngozi nyembamba sana juu yake. Bua likiikwaruza, ngozi ile hubanduka na kuacha kidonda. Jicho lenye afya hukifunga kidonda kidogo kwa siku chache, mara nyingi kati ya 3 na 7, ikiwa vijidudu havijaingia. Steroidi hufanya mambo mawili: huzuia ngozi ile isitambae kuziba, na hulaza kinga ya mwili pale pale. Vijidudu vinapata uwanja. Jicho litaonekana jeupe na tulivu siku ya kwanza, mwenyewe utafurahi, kumbe chini yake konea inayeyuka. Likitoboka, hapo tunazungumzia kuling'oa.

Kwa macho yako mekundu dawa ile labda ilikuwa sawa. Kwa jicho lenye kidonda ni sumu.

Usiku huu fanya haya. Nenda kwa kemisti ununue maji ya chumvi ya dripu, yale ya 0.9%. Kama wamefunga, chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisijae sana, yaache yapoe kabisa. Chukua bomba la sindano, ile sindano yenyewe uing'oe utupe, umwagie jicho taratibu kutoka pembeni. Ukiona kipande cha nyasi kinaelea chini ya kope, maji yatakitoa. Ukiona kimekwama ndani ya jicho, USIKIVUTE. Hicho ndicho kinachoziba tundu. Hapo ni kwenda kwa daktari usiku huu huu.

Usisugue na pamba, pamba huacha nyuzi. Punguza mwanga chumbani, jicho lenye kidonda huumia na taa. Na niambie: anakula?

SukumaNaDania – saa 2:31 usiku

Asante sana mzee. Kemisti yuko wazi, nimetuma kijana wa boda. Kula, nimemwekea dania, amenusa akaondoka. Kwa kawaida akisikia mlango wa friji tu anapiga kelele nyumba nzima.

VetiMstaafu – saa 2:38 usiku

Basi jicho siyo tatizo lako kubwa tena. Tatizo kubwa ni tumbo.

Huyu mnyama utumbo wake haupaswi kusimama. Akikaa bila kula kutwa nzima, gesi inajaa, bakteria wazuri wanakufa, na anaweza kuondoka kabla ya jicho kupona. Maumivu ya jicho pekee yanatosha kumfanya asusie chakula. Loweka chakula chake cha punje kwenye maji vuguvugu mpaka kiwe uji, umpe kwa bomba pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo. Mililita moja, atafune ameze, nyingine. Usimlaze chali, uji utaingia kwenye mapafu. Akifikisha mililita 10 kwa mkao mmoja inatosha, urudie baada ya saa tatu au nne.

Kisha mpime uzito. Mizani ya jikoni inatosha, mweke kwenye bakuli.

Mkosoaji_KE – saa 2:44 usiku

Jamani 😂😂 panya ameumwa jicho watu wazima hawalali. Huyo si amenunuliwa mia tano? Mwingine yupo pale barabarani wanapouza sungura.

SukumaNaDania – saa 2:47 usiku

Njoo umwambie binti yangu hivyo uso kwa uso.

NjombeKwetu – saa 3:02 usiku

Poleni majirani. Kwetu huku tunawaita simbilisi, na sisi tunawala, lakini hata anayefuga kwa nyama haachi mnyama aoze jicho. Bibi yangu aliwafugia jikoni, wanapita chini ya figa wakiokota maganda. Macho yao yalikuwa yakichuruzika machozi kila siku kwa ajili ya moshi. Tulidhani ndivyo walivyoumbwa! Tulipowahamishia banda la nje yakakauka yenyewe. Dada, hapo mnapopikia pako karibu na kizimba?

SukumaNaDania – saa 3:05 usiku

Hapana, wako kwenye balkoni iliyofungwa, natumia gesi. Ila simbilisi ni jina tamu, nitalichukua.

Mkosoaji_KE – saa 3:07 usiku

Mwalimu wetu alituambia ni pimbi.

NjombeKwetu – saa 3:09 usiku

Pimbi ni yule wa kwenye majabali. Mwambie mwalimu.

BintiKisauni – saa 3:15 usiku

Shoga yangu pole. Nyanya yangu huku Mombasa jicho la mtoto likiwa bovu alikuwa akidondoshea maziwa ya mama, au chai ya rangi iliyopoa. Asali pia. Jaribu, hakina gharama.

VetiMstaafu – saa 3:22 usiku

Binti yangu, nyanya namheshimu, lakini kwenye konea iliyochanika tusitie chochote kinacholiwa. Maziwa ni chakula cha bakteria. Asali ya jikoni ina vumbi, chavua na miguu ya nyuki. Chai iache mezani.

FundiVizimba – saa 3:40 usiku

Naongeza la dawa za kumeza, kwa sababu najua kesho kuna mtu atakuja hapa na wazo la amoksilini. Msithubutu. Gini pigi hapewi penisilini, ampisilini wala amoksilini kwa mdomo. Zinaua bakteria wa tumboni anaowategemea kusaga nyasi, wanabaki wale wabaya wenye sumu. Nilipoteza majike wawili hivyo mwaka wa kwanza nilipoanza kufuga hapa Kasarani. Walikuwa na kidonda mguuni tu. Kidonda kilipona, wao wakafa kwa kuhara siku ya nne.

Na hata mafuta ya jicho, huyu mnyama ananawa uso kwa mikono halafu analamba. Unachomtia jichoni kinafika tumboni. Ndiyo maana daktari achague, siyo mimi.

Kwa daktari: usikate tamaa kwa hiyo kliniki moja. Piga simu uulize swali hili moja, "Mna ile rangi ya kupima kidonda cha jicho, na mmeshatibu sungura au gini pigi?" Anayetibu sungura kwa kawaida anajiweza. Wakikosa wote, Kabete ya juu ndiko kwenye kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi, nao wana hospitali ya wanyama. Piga kwanza ujue saa zao za wikendi.

Safari: boksi la katoni lenye matundu, taulo chini, kipande cha tango. Mbebe na Ngano. Akiwa peke yake ataogopa maradufu. Ila hakikisha kwanza siyo Ngano aliyemng'ata, angalia kama kuna alama za meno kwenye kope au masikio.

SukumaNaDania – Jumapili, saa 12:20 asubuhi

Hakuna alama za meno. Ngano amelala amemwegemea ubavu. Nimemwamsha saa sita na saa kumi, amekula jumla mililita 16 hivi, nyingine iko kwenye nguo yangu. Uzito gramu 812. Sikumbuki alikuwa ngapi kabla, sijawahi kumpima. Jicho bado limefumba.

FundiVizimba – Jumapili, saa 12:51 asubuhi

Gramu 812 kwa mzima siyo mbaya, wengi huwa kati ya 700 na 1,200. Kuanzia leo hiyo ndiyo hesabu yako. Pima kila asubuhi kabla ya kumlisha.

SukumaNaDania – Jumapili, saa 9:15 alasiri

Tumerudi. Simu ya nne ndiyo iliyokubali. Daktari ni dada mdogo tu, ametulia, akamkunja Biringanya ndani ya taulo kama chapati kabaki kichwa nje.

Nieleze alivyofanya maana binti yangu tangu turudi anasimulia hilo tu. Alichukua kijikaratasi chembamba chenye ncha ya rangi ya chungwa, akakilowesha kwa tone moja la maji ya chumvi, akagusisha ndani ya kope. Jicho lote likawa la chungwa. Akalisuuza. Akazima taa ya chumba akawasha kurunzi ya mwanga wa buluu, akamwita mtoto aangalie. Pale penye ngozi nzima rangi ilikuwa imesuuzika yote. Penye kidonda rangi ilikuwa imezama, inang'aa kijani kama kimulimuli, mstari mwembamba wa milimita kama mbili hivi kutoka kwenye lile doa. "Bua lilipita hapa," akamwambia.

Akainua kope na kuchungulia chini kama kuna kipande kimebaki. Hakuna. Akafungua mdomo akaangalia meno. Nikamuuliza meno yana uhusiano gani, akasema meno ya gini pigi hayaachi kukua maisha yake yote, na mizizi ya yale ya juu ikirefuka inaweza kusukuma mfereji wa machozi au jicho lenyewe kutoka nyuma. Kwa hiyo jicho likilia kila mara bila kidonda, mtu aangalie meno.

Dawa: matone ya kiuavijasumu yasiyo na steroidi, tone moja kila saa sita. Meloxicam ya maji ya kupunguza maumivu, akapima dozi kwa uzito. Na uji kwa bomba. Jumla yote 3,200.

Yule wa mia tano, nimeshakuona, usianze.

Mkosoaji_KE – Jumapili, saa 9:30 alasiri

Sijasema kitu 🙌🏾

VetiMstaafu – Jumapili, saa 11:05 jioni

Daktari huyo anajua kazi yake. Mrudishe siku aliyokupangia hata jicho likionekana zima, arudie ile rangi. Macho yetu hayawezi kuona kidonda kilichobaki nusu. Na kwa kuwa aliumizwa na mmea, kuvu huweza kuingia na bua, matone ya bakteria hayaui kuvu. Ukiona ukungu unaongezeka baada ya siku mbili tatu, au jicho linageuka manjano, au mishipa myekundu inatambaa kuelekea katikati, usingoje tarehe.

Likitokeza nje ya tundu lake, na hili nawaambia wote kwa sababu kuna anayesoma kimya, lilowesheni kwa kitambaa safi chenye maji ya chumvi na mkimbie. Msilisukume ndani kwa kidole.

RongaiMvua – Jumatatu, saa 2:12 asubuhi

Samahani kudandia uzi wa mwenyewe. Wangu mara kwa mara anatoa kitu cheupe kama maziwa jichoni, kisha anajipaka uso mzima. Hana doa, anakula kama ng'ombe. Naye nimpeleke?

FundiVizimba – Jumatatu, saa 2:40 asubuhi

Huyo anaoga. Ni maji yake ya kunawia, hutoka macho yote mawili, sekunde chache yameisha. Ukiona yanakauka na kuwa tongotongo ngumu, au jicho moja tu ndilo linalotoa, hapo uulize tena.

RongaiMvua – Jumatatu, saa 2:58 asubuhi

Mungu akubariki. Ninaye na mwingine mdogo, wa wiki sita, yeye macho yote mawili mekundu na yana tongotongo, anapiga chafya. Natandika maranda ya mbao kutoka kwa fundi seremala wa jirani.

FundiVizimba – Jumatatu, saa 3:20 asubuhi

Huyo sasa usimchukulie kama Biringanya. Macho yote mawili pamoja na chafya, kwanza fikiria hewa na maambukizi. Inama uweke pua yako pale anapoweka yake, sentimita tano kutoka sakafuni. Ukisikia mkojo unachoma, yeye anauvuta huo saa 24. Maranda ya seremala yana vumbi, na kama ni ya sida (mwerezi) au msindano mbichi yana harufu kali inayowasha. Tandika kitambaa cha blanketi, ubadilishe mara kwa mara. Umtenge na wenzake, umpeleke. Wadogo wa umri huo hupata ugonjwa wa macho unaoambukiza, na chafya inaweza kuwa mapafu. Nawa mikono ukimshika.

Na vitamini C unampa?

RongaiMvua – Jumatatu, saa 3:26 asubuhi

Nilisikia iko kwenye chakula cha punje.

FundiVizimba – Jumatatu, saa 3:45 asubuhi

Iko siku kinapotengenezwa, halafu inapungua kadiri gunia linavyokaa dukani. Gini pigi ni kama sisi, mwili wake hautengenezi vitamini C. Sungura anatengeneza, ndiyo maana chakula cha sungura hakimtoshi. Akikosa, vidonda haviponi, viungo vinavimba, macho yanapata ukoko. Anahitaji kati ya miligramu 10 na 30 kwa siku kwa kila kilo ya uzito. Hapa Nairobi hatuna kisingizio: jani la sukuma wiki na kipande cha hoho nyekundu kila siku. Usiweke vidonge kwenye maji ya kunywa, vinaharibika na maji yanakuwa machachu anayasusa.

SukumaNaDania – Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Wazee wangu nina wasiwasi. Jana gramu 795, leo 781. Kinyesi kimekuwa kidogo, kama punje za mchele. Jicho lenyewe linafunguka nusu sasa.

VetiMstaafu – Jumanne, saa 1:18 asubuhi

Unampa uji mara ngapi kwa siku?

SukumaNaDania – Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Mara tatu. Mchana niko kazini, mtoto shuleni.

VetiMstaafu – Jumanne, saa 1:31 asubuhi

Ndiyo hapo. Mara tatu za mililita 10 ni 30, yeye anahitaji kama 50 na zaidi. Tafuta wa kumlisha mchana, na umpigie daktari umwambie hizo namba tatu kama ulivyotuandikia: 812, 795, 781. Atajua kama dozi ya maumivu iongezwe. Usiongeze mwenyewe.

SukumaNaDania – Jumanne, saa 2:02 usiku

Daktari amebadilisha dozi. Mchana nilimwomba mama wa nyumba ya pili, yule ambaye siku zote hulalamika kelele zao asubuhi. Amemlisha mara mbili, akanitumia na picha. Sasa anamwita "mgonjwa wangu".

SukumaNaDania – Alhamisi, saa 12:40 asubuhi

Saa kumi na moja alfajiri nimesikia KELELE. Nimefungua friji kuchukua maziwa, Biringanya huyo. Amekula jani zima la sukuma na shina lake. Gramu 790.

NjombeKwetu – Alhamisi, saa 1:15 asubuhi

Simbilisi amerudi! 👏🏾

SukumaNaDania – Ijumaa, saa 11:50 jioni

Tumetoka kliniki. Karatasi ya chungwa, taa ya buluu, mtoto akashika kurunzi mwenyewe. Hakuna kijani. Uzito 804. Matone tumalizie siku mbili. Daktari anasema kovu dogo litabaki, na kweli ukimgeuza kwenye jua unaona alama nyeupe kama uzi wa buibui. Pembeni mwa uzi huo anaona kawaida.

Nilimuuliza ingekuwaje kama lingetolewa. Akasema wanaishi vizuri tu na chongo, kwa sababu kunusa na kusikia kunawasaidia sana, ila upasuaji wenyewe ni mgumu maana nyuma ya jicho lao kuna mishipa mingi ya damu.

RongaiMvua – Ijumaa, saa 1:10 usiku

Hongera. Wangu mdogo yuko kwenye dawa, ilikuwa kifua. Maranda nimetupa yote.

FundiVizimba – Ijumaa, saa 1:34 usiku

Dada, na zile nyasi umezifanyaje? Mzigo bado uko balkoni?

SukumaNaDania – Ijumaa, saa 2:05 usiku

Nimezichambua usiku wa Jumatano nikitazama habari. Majani laini nimeweka kando, mabua yote yenye ncha nimetoa, yamejaa ndoo. Ile rafu ya waya iliyokuwa usawa wa macho yao nimeing'oa, sasa nyasi ziko chini, lundo, wanaingia kwa pua badala ya kuchomoa kwa kuvuta. Mabua amechukua mzee mmoja wa mtaa anayefuga mbuzi. Aliniuliza mbona nimechambua nyasi kama mchele, nikakosa pa kuanzia.

Kuna anayejua wanakouza zilizo laini, upande huu wa Eastlands? Lundo hili litafika Jumatano.